Kumbukumbu sio mnara tu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Hivi kwanini tukitaka kukumbuka mauaji ya kisiasa tunakimbilia kujenga mnara, siku moja kwa mwaka viongozi wanaweka mashada halafu basi, mtoto darasani anakariri tarehe za mtihani ila ukimuuliza nani aliua na kwanini anakutolea macho tu. Hispania walijaribu kunyamaza, dikteta wao Franco alikufa 1975, sheria ya msamaha kwa makosa ya kisiasa ikapita 1977, na mpaka leo kuna wajukuu wanafukua makaburi kutafuta mifupa ya babu zao waliouawa.

Wajerumani mi nawakubali kwa vile vibao vidogo vya shaba wanavyopachika njiani mbele ya nyumba walizoishi wahanga wa utawala wa Hitler, jina la mtu, mwaka aliozaliwa, alikopelekwa, yaani unakutana na jirani sio takwimu (wapo wanaolalamika vinakanyagwa, sawa, wana pointi). Ila walimu nao waruhusiwe kusema waliofanya mauaji walikuwa watu wa kawaida tu, makarani, madereva, sio mazimwi. Hapo ndo wakubwa wengi wanaogopa, maana mtoto atarudi nyumbani aulize, babu, we ulikuwa wapi?

Msomaji wenu wa kila siku