Mheshimiwa DC, lile banda la farasi tusiligeuze msingi wa fremu

Shikamoo Mheshimiwa. Najua mafaili ni mengi mezani ila hili letu huku mlimani juu ya Moshi mjini limebakiza siku chache, ndo maana naandika hadharani badala ya kuja kupanga foleni kwenye benchi la ofisini kwako.

Tuna jengo la mawe tangu enzi za Mjerumani, wenyewe tunaliita "kwa farasi" japo farasi hakuna aliyemwona, mimi nimekuta mbuzi humo, baadaye magunia ya kahawa. Sasa kikao cha kijiji kimeamua libomolewe, mawe yakawe msingi wa fremu za maduka. Eti ni gofu. Gofu gani kuta zimenyooka hivi, unene wake mkono mzima kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole na bado inazidi?

Aliyejenga alimjua farasi. Madirisha kayaweka juu kupita kichwa cha mtu, joto na ile harufu kali ya mkojo vinatokea huko na upepo haumpigi mnyama. Sakafu ya mawe imelala kidogo kufuata mfereji wa katikati, ukimwaga ndoo ya maji mlango wa juu yanatokea yote mlango wa chini, utotoni tulichapwa sana kwa mchezo huo maana maji yalichotwa mbali. Halafu lile tao la mlangoni! Hakuna nondo, mawe yamechongwa membamba chini mapana juu, yanabanana yenyewe kwa uzito wake. Na ni mawe ya hapahapa, ya volkano, yana vitundu kama mkate wa kumimina.

Tulioharibu ni sisi. Aliletwa fundi, nia njema kabisa, akapiga plasta ya simenti ukuta wa mashariki. Sasa ukuta ule umejengwa kwa chokaa, chokaa inaacha unyevu utoke, simenti inaufungia ndani, kwa hiyo masika yakipita maji yanabaki humo humo, leo ukigonga plasta inalia kama debe tupu na nyuma yake chokaa imekuwa unga. Kuta ambazo hazikuguswa ziko salama.

Kikaoni jamaa akauliza, kwani si linalindwa na serikali? Wapi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayatambua moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, Mjerumani kaja baadaye, la kwetu mpaka Waziri alitangaze. Boma la Arusha la 1900 leo ni makumbusho, watu wanalipa kiingilio. Sisi hatuombi hela, tunaomba barua zako mbili tu, moja isimamishe ubomoaji, nyingine iende Maliasili na Utalii. Fremu zijengwe, kiwanja kipo barabarani.

Mafundi wameambiwa waje Jumatatu. Ukipata nafasi kabla ya hapo pitia, uazime ndoo ya maji kwa jirani, umwage pale mlango wa juu.