Nasra na fizikia yake

Tanga, 6 Septemba

Shoga yangu Saida,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, goti la mama limetulia, naye anakusalimu na anauliza kama Mwanaidi keshajifungua. Nimekaa kimya tangu Idd, na kununa ulikuwa na haki. Mwalimu mwenzangu alihamishwa mwezi wa tano, fizikia ya vidato vyote vinne ikaniangukia mimi. Lakini ujumbe wako wa juzi umenikosesha usingizi. Nasra wako kulala bila kula kwa ajili ya matokeo ya utamilifu, ule mtihani wa majaribio wa kidato cha nne! Nikasema barua hii naiandika leo leo.

Kwanza nikutoe hofu: Nasra hana kichwa kizito. Jana amenitumia picha ya jedwali lake la pendulamu. Uzi wa sentimeta 50, gololi imebembea mara 20 kwa sekunde 27.0. Uzi wa sentimeta 100, sekunde 38.1. Nikashtuka, maana kwa sentimeta 100 zinatakiwa ziwe kama 40. Anasema kila akirudia anapata g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ya 10.9, na wenzake wamemshauri apike data ije 9.8. Nikampigia hapo hapo. Nikamwambia, hebu hesabu kwa sauti nikusikie. Akabonyeza saa, akasema "moja".

Saida, nilitamani ningekuwepo nimkumbatie. Ukisema moja gololi ndiyo kwanza unaiachia, ukifika ishirini imekwenda na kurudi mara 19 tu. Inatakiwa uanze na "sifuri". Muda ukipungua hivyo, ukiuzidisha kwa wenyewe kosa linakuwa kama maradufu, na g inavimba. Namba zake alizipima kwa uaminifu, na zenyewe zilikuwa zikimwonyesha alipokosea. Angezipika, angeingia nalo kosa hilo kwenye mtihani wa vitendo wa Novemba.

Sasa hilo la kukesha. Unasema anapiga msuli mpaka saa nane usiku. Nilimuuliza anasoma nini, akajibu daftari, ameshalirudia mara nne. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu naliona kila mwaka. Ukilisoma daftari mara ya nne kila kitu unakijua kwa sura, kama jirani unayepishana naye kila siku; ukiulizwa jina lake, huna. Kuna Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi waliorudia kusoma walijiona wanajua zaidi, lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi ni wale waliofunga maandishi na kujaribu kuandika walichokumbuka. Ndiyo maana Nasra alitoka kwenye chumba cha mtihani akiwa na furaha, halafu majibu yakamvunja moyo.

Kwa hiyo daftari lifungwe. Achukue karatasi tupu na swali moja kutoka mitihani ya miaka iliyopita, alifanye mpaka mwisho bila kuchungulia, ndipo alinganishe. Alilokosa alirudie baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Asifanye maswali kumi ya mada moja mfululizo, achanganye, maana mtihani haumwambii kwamba hapa ni kanuni ya Archimedes ya vitu kuelea na hapa ni mkondo wa umeme. Na mada za kidato cha kwanza na cha pili asizidharau. Wengi wanakimbilia mnururisho na elektroniki, wakati kanieneo na msongamano wameshavisahau. Jumamosi moja moja umfungie mlango kwa muda wa saa tatu kamili, afanye karatasi nzima, na wadogo zake wasimsumbue.

Kuna na hili la Kiingereza, nalo si dogo. Ukurasa mmoja alionitumia una swali linalomtaka aeleze kwa nini, yeye ameandika maana ya neno, tena neno kwa neno kama nilivyomfundisha alipokuja likizo. Maana ni sahihi, ila sivyo alivyoulizwa. Amweleze kwanza mdogo wake Hamisi kwa Kiswahili. Hamisi akielewa, ndipo aandike kwa Kiingereza sentensi mbili fupi. Kwenye ukurasa huo huo gramu 200 ameziingiza kwenye hesabu ya kani bila kuzigeuza kilo, jibu likawa kubwa mara elfu. Fomula anaijua! Inaniuma alama zinavyopotea hivyo.

Ndiyo sababu nakuomba jambo moja, na nitalirudia mpaka ulifanye: nipigie picha karatasi yake yote ya utamilifu. Yote, hata kurasa anazozionea aibu, hizo ndizo ninazozitaka hasa. Madaftari usinitumie, hayatanionyesha kitu. Nikiona alipokosea nitajua wiki hizi zilizobaki tuanzie wapi. Kama lilivyokuwa jedwali lile la pendulamu.

Na alale, Saida. Saa nne usiku taa izimwe. Najua baba yake anaona kulala ni uvivu, lakini mwambie nimesema mimi.

Hivi shule yao inawaruhusu kutoka likizo fupi ya mwezi huu, au kidato cha nne wanabaki? Kama wanatoka, utamleta kwangu hata siku nne? Chumba cha uani kipo wazi. Vifaa vya maabara hapo kwao vinatosha, au wanagombania saa moja ya kupimia muda, darasa zima? Amekula leo? Na wewe mwenyewe, presha umeipima, au bado unaniambia kesho?

Nasubiri hizo picha.

Wako,
Mwanahawa