Barua kwa mpwa wangu aliyerudishwa beki

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako amenifikishia salamu zako za Jumapili, na ameniambia kwa nini hukutaka kushika simu. Kocha amekutoa winga ya kushoto, amekupeleka beki wa kushoto, nawe umeikunja ile jezi namba 11 ukaisukumia chini ya kitanda. Eti umeshushwa. Nimelala na neno hilo siku tatu. Naiweka barua hii hadharani kwa sababu najua huko Sweden na huku Tanga wapo vijana wengine waliolia usiku kwa jambo hilo hilo. Ukikwama kwenye Kiswahili changu, mama yako akusomee.

Nataka nikueleze habari za mtu mmoja tu. Anaitwa Martin Olsson. Alizaliwa Gävle mwezi Mei 1988, baba yake Msweden, mama yake Mkenya. Alizaliwa pacha, na pacha wake, Marcus, naye alikuwa mchezaji. Nyumba ya namna hiyo unaijua, maana ni kama yenu: mama anazungumza na ndugu zake kwa simu kwa sauti ya juu, baba anauliza amesema nini. Wakenya ni jirani zetu wa hapa hapa mpakani, na kwenye mabanda ya kuangalia mpira, Olsson alipogusa tu mpira, lazima mtu angewakumbusha wenzake kwamba mama wa yule kijana ni wa huku kwetu. Nami nilikuwa mmoja wao.

Alipita Högaborgs BK, klabu ndogo ya Helsingborg ambako hata Henrik Larsson, yule mshambuliaji mkubwa wa Sweden, alianzia. Januari 2006, akiwa na miaka 17, Blackburn Rovers wakamchukua Uingereza. Sasa hapa ndipo panapokuhusu wewe. Blackburn walimtumia pande zote mbili: wiki hii beki, wiki ijayo winga, kadiri timu ilivyohitaji. Usiku wa Januari 20 mwaka 2010, nusu fainali ya Kombe la Ligi kwenye uwanja wa Aston Villa, alijirusha hewani akaupiga mpira kwa tikitaka ukaingia wavuni. Mechi iliisha 6-4 na Blackburn wakatolewa, lakini mtafute mtu anayekumbuka mabao mengine tisa ya usiku ule. Mtu aliyepiga tikitaka ile ndiye aliyekuja kuwa beki wa kushoto wa Sweden kwa miaka mingi. Miguu ya winga haikumtoka alipoanza kukaba.

Huku kwetu beki wa kushoto tunamwita beki tatu, kwa ile namba ya mgongoni. Watu wa Dar wamelichukua jina hilo wakampachika dada wa kazi za ndani. Wengi hulisema kwa dharau, nami sijawahi kulipenda likisemwa hivyo. Lakini angalia walichokiona: yeye ndiye anayeamka wa kwanza, anajua kila kona ya nyumba, na nyumba ikiwa imetulia hakuna anayemtaja. Anatajwa siku kikombe kikivunjika. Beki wa kushoto ni hivyo hivyo. Amekata krosi kumi, hakuna aliyeziona. Ya kumi na moja ikipita, jina lake linasikika uwanja mzima. Sitakudanganya kwamba hilo haliumi, linauma.

Na Olsson aliumia hasa. Mei 2012 Blackburn walishuka daraja, wakifungwa 1-0 na Wigan kwenye uwanja wao wenyewe. Pacha wake alikuwa amejiunga naye Januari ya mwaka ule ule, kwa hiyo walishuka pamoja. Akahamia Norwich mwaka 2013. Norwich wakashuka 2014, wakapanda 2015 kwa kuwafunga Middlesbrough 2-0 Wembley, wakashuka tena 2016. Januari 2017 akaenda Swansea, na mwezi uliofuata akawafunga Leicester, mabingwa watetezi wa Uingereza wakati ule. Msimu huo Swansea walipona. Uliofuata, 2018, wakashuka.

Hesabu mwenyewe. Mara nne ameshuka kutoka ligi kuu ya Uingereza.

Sasa weka miaka hiyo kando ya miaka ya timu ya taifa. 2012, wiki chache baada ya Blackburn kuzama, alikuwa beki wa kushoto wa Sweden kwenye Euro, kombe la mataifa ya Ulaya, hadi siku walipowafunga Ufaransa 2-0 mjini Kyiv. 2016, wiki chache baada ya Norwich kuzama, alikuwa beki wa kushoto wa Sweden kwenye Euro ya Ufaransa, dhidi ya Ireland, Italia na Ubelgiji. (Kikosi cha Ubelgiji kilikuwa na Divock Origi, ambaye baba yake ni Mkenya. Hapa kwetu tulizungumza siku mbili kuhusu mechi ile.) 2018, wiki chache baada ya Swansea kuzama, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Kombe la Dunia kule Urusi. Makocha wa Sweden walikuwa wakiitazama kazi yake wenyewe. Jedwali la ligi lilisema jambo moja, wao waliona jingine.

Kule Urusi hakuwa chaguo la kwanza, upande wake alianza Ludwig Augustinsson. Julai 3, St Petersburg, Sweden wanaongoza 1-0 dhidi ya Uswisi, Olsson akaingizwa dakika za mwisho. Alimpokea nani? Emil Forsberg, mshambuliaji wa pembeni, mfungaji wa bao lenyewe. Beki ameingia kushika nafasi ya winga! Dakika za nyongeza, Waswisi wote wamepanda kutafuta bao, mpira ukapigwa mbele, na Olsson akafungua mbio akiwa na uwanja mtupu mbele yake. Alikuwa na miaka 30. Nilisimama kwenye kiti. Michael Lang alikuwa akimfukuza nyuma, akaona hamfikii, akamsukuma mgongoni karibu kabisa na mstari wa boksi. Mwamuzi akaweka penalti, halafu akaenda kutazama VAR, yaani marudio ya video, ikawa faulo ya nje ya boksi. Kadi nyekundu ilibaki kwa Lang. Faulo haikuzaa bao, lakini hazikubaki dakika za Waswisi kusawazisha. Sweden wakaingia robo fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1994.

Mwombe baba yako akutafutie mbio zile. Usitazame kusukumwa kwake, tazama mita ishirini za kwanza, jinsi alivyouona mpira kabla haujapigwa. Winga anauona mchezo akiwa ameupa mgongo nusu ya uwanja. Yule aliuona wote kwa sababu alikuwa amezoea kusimama nyuma yake.

Yaliyofuata nayataja haraka kwa kuwa ni machungu. Mapema 2019 kano ya kisigino ilikatika, msimu wake ukaishia hapo na mkataba wake na Swansea ukaisha. Akarudi Sweden, Helsingborg, kisha Häcken. Mwaka 2021 Malmö wakamsajili akiwa na miaka 33, wakachukua ubingwa wa Sweden mwaka huo. Wakauchukua tena Novemba 2023, siku ya mwisho ya ligi, kwa kuwafunga Elfsborg 1-0, pointi zikawa sawa, wakawapita kwa tofauti ya mabao ya kufunga na kufungwa. Tofauti ya mabao, mpwa wangu. Yaani hata lile goli ambalo beki alilizuia mwezi wa nne, siku ambayo hakuna aliyempigia makofi, lilihesabiwa siku ile.

Jezi itoe chini ya kitanda, mama yako aifue. Usiitupe, siku moja kocha atakuhitaji mbele tena na utaivaa. Jumamosi vaa hiyo namba 3. Mechi ikiisha nitumie ujumbe mmoja tu: umevuka mstari wa katikati mara ngapi, na umerudi mara ngapi. Namba hizo mbili zikilingana nitafurahi sana. Mabao sitauliza.

Ni mimi mjomba wako,
Tanga