Mume wangu alinyamaza mbele ya watu wote

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku na sina hata lepe la usingizi. Yeye anakoroma. Naomba kwanza usinione mwanamke mwenye uchu wa madaraka, maana unajua tunavyosemwa tukichukua fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa. Mimi cheo sikitaki. Ninachotaka ni njia.

Huku njia ya Goba unakujua. Lami ilipofika tu, mashamba yakakatwa ishirini kwa ishirini, kila mtu na ukuta wake, njia hakuna. Wengine wamejenga mpaka kwenye kingo za mto, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60. Hati za mauziano zinagongwa mhuri wapi? Si palepale ofisi ya mtaa? Juzijuzi jirani yangu kashikwa uchungu usiku, bajaji ikabanwa kati ya kuta mbili, haiendi mbele hairudi nyuma. Tulimtoa na kiti cha plastiki hadi barabarani, mguu mmoja wa kiti nimeushika mimi, chupa imeshapasuka, maji yananitiririkia mkononi. Alijifungua salama, namshukuru Mungu. Lakini ndiyo maana nilisimama kwenye mkutano wa mtaa.

Niliuliza swali moja tu, tena kwa adabu: nani anakagua njia kabla mhuri haujagongwa? Mzee mmoja akaniambia, "Wewe mtu wa kuja, utatufundisha mtaa wetu?" Watu wakaangua kicheko. Shangazi, mimi nimeolewa huku umeme haujafika, tunachota maji kisimani! Na mume wangu, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa mbele kabisa. Akainamia simu. Hata kukohoa hakukohoa.

Basi wenzangu wa kikoba wakanishika mkono, wakasema mama, gombea. Mgombea binafsi sheria zetu hazimruhusu, kwa hiyo nimepitia chama, kura za maoni nimepita. Uchaguzi uko mbele. Mwenyekiti wa mtaa hana mshahara, sasa huo uroho wanaonisema nao unatoka wapi?

Mume wangu anasema nitamgombanisha na ndugu zake. Mdogo wake ndiye dalali wa viwanja vya kule bondeni, na Jumapili tunakula naye sinia moja. Simsemi vibaya shemeji yangu, ada ya mwanangu alishawahi kuniongezea. Na sisi tuliuza kipande cha shamba la baba mkwe, sikatai, wasije wakakwambia nimeficha. Lakini sisi tuliacha njia! Nilipima mwenyewe kwa kamba, gari la kunyonya vyoo linaingia na kugeuka.

Watu wakihamia sioni ubaya, nami nilihamia. Wajenge. Ila mgonjwa atolewe, moto ukiwaka gari lifike, mvua za masika maji yapate pa kupita. Hilo ni kosa? Angesimama siku ile akasema neno moja tu, "Huyu ni mke wangu, mwacheni aulize," nisingechukua hiyo fomu.

Wakati mwingine naona niichane, nilee wanangu. Halafu asubuhi nafagia uwanja, nasikia roli la tofali linapiga honi kwa sababu limekosa pa kupita, moyo unachemka upya. Picha za pasipoti nimeshapiga, zimo ndani ya Biblia asizione.

Nirudishe fomu bila baraka yake? Nikishinda, huyo shemeji akija ofisini na mkataba usio na njia nitaukataa, hilo nimeshaapa, lakini usiku narudi kulala nyumba hiihii. Au nimuulize kwanza kwa nini alinyamaza? Kila nikitaka kuuliza koo linakauka. Siku za kurudisha zinakaribia, Shangazi, na kwangu hakuna mwingine wa kumuuliza, mama mkwe yuko upande wao.

Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam