Barua kwa mwanangu anayekwenda kuwinda dhoruba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, ambalo habari zake utazipata kwake mwenyewe kwa urefu. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza, nami nikikatizwa hupoteza nililokusudia kulisema, na safari hii sikubali kulipoteza.

Umetuarifu kwamba likizo yako yote ya mwezi wa Mei utaitumia katika nyanda za Oklahoma na Kansas huko Marekani pamoja na wenzako wawili, mkizifuata dhoruba za radi ili muione tornado, yaani ule upepo mkali wa kuzunguka unaoshuka kutoka winguni hadi ardhini, kwa macho yenu. Sikuandikii ili nikukataze. Wewe ni mtu mzima, kodi ya nyumba unajilipia, na hata ningekukataza ungekwenda tu, tena kwa siri, nasi tungebaki hatujui uko upande gani wa nchi. Nina jambo moja tu la kuzungumza nawe, nalo ni barabara.

Ile video uliyotutumia mwaka jana tuliitazama pamoja, mimi na mama yako. Yeye alitazama lile wingu lililoshuka karibu kugusa mashamba, akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilitazama usukani. Mwenzako alikuwa ameushika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameinua simu usawa wa kioo ili naye apate picha yake. Waipa zilikuwa zinapiga kwa kasi yake ya mwisho na bado maji hayaondoki. Mstari mweupe wa ukingoni ulikuwa ukionekana na kupotea. Mshale wa mafuta ulikuwa chini ya robo. Giza lilikuwa linaingia, na katika kelele zenu zote sikusikia hata mmoja akiuliza mtalala wapi. Mlikuwa mnacheka. Siku ile sikusema neno, kwa kuwa hofu ya mama yako ilitutosha wote wawili, lakini usiku niliirudia peke yangu, na kila nilipoirudia nilikuwa nautazama ule mkono.

Utasema kwamba baba yako amezeekea kwenye lori na ndiyo maana kila hatari ya dunia huiona ina magurudumu. Huenda ni kweli. Hata hivyo nimemkalisha mdogo wako mbele ya kompyuta, tukasoma yale ambayo wewe huyatuambii. Watu wamekuwa wakizifuata dhoruba kwa hiari yao tangu miaka ya 1950. David Hoadley, ambaye wengi humhesabu kuwa ndiye wa kwanza, alianza huko North Dakota mwaka 1956. Tangu wakati huo hadi mwaka 2013 hapakuwa na mwindaji wa dhoruba hata mmoja anayejulikana kuuawa na tornado yenyewe. Vifo vilikuwapo, ila vilikuwa vya barabarani: mwanafunzi aliyefariki mwaka 1984 gari lake lilipoteleza kwenye barabara iliyolowa, na wengine baada yake waliokufa kwa namna hiyo hiyo, au kwa kukwepa mnyama, au kwa kugongana na gari la mtu mwingine. Mwaka 2017 huko Texas magari mawili ya wawindaji yaligongana kwenye makutano ya barabara za mashambani, penye alama ya kusimama, na wote watatu waliokuwamo wakafa. Mwezi wa Aprili mwaka 2022 wanafunzi watatu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Oklahoma walikuwa wakitoka Kansas usiku, saa tano imeshapita, gari lao likateleza kwenye barabara kuu yenye maji, na lori likawagonga, wakafa wote watatu. Walikuwa wanarudi, mwanangu. Dhoruba walikuwa wameshaiona, picha walikuwa wameshazipata, na kilichobaki kilikuwa kufika kitandani tu.

Kisa cha tornado ya El Reno, huko Oklahoma, sitakusimulia chote, kwa sababu unakijua kuliko mimi, na najua jinsi wenzako wanavyomheshimu Tim Samaras aliyefia pale, ambaye mwaka 2003 kule Manchester, South Dakota, alikilaza kifaa chake katika njia ya tornado kikapima kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, ikishuka kwa milibari 100. Alikuwa mtaalamu, tena mwangalifu. Nataka tu ukitazame kisa hicho kwa jicho la dereva. Tarehe 31 Mei mwaka 2013 alikuwa ndani ya gari dogo la kawaida pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, kwenye barabara isiyo na lami, katika mvua nzito. Tornado ilikuwa imetanuka hadi upana wa kilomita 4.2, jambo ambalo halijawahi kupimwa mahali pengine, kisha ikaacha mwelekeo wake wa kusini mashariki, ikakata kona kuelekea kaskazini mashariki na kuongeza mwendo. Barabara kuu za huko nazo zilikuwa zimeziba, kwa maana siku kumi na moja tu kabla yake mji wa jirani wa Moore ulikuwa umepoteza watu 24 kwa tornado nyingine, na wakazi wengi wa Oklahoma City waliposikia onyo jingine hawakuwa na moyo wa kungoja majumbani. Waliingia magarini, wakakutana kwenye foleni. Watu wanane waliouawa na tornado ile, Samaras na wenzake wawili wakiwamo, wote walikuwa ndani ya magari. Kwa hiyo hata pale ambapo upepo wenyewe ndio uliua, ulimkuta mtu yuko barabarani. Habari ya baba na mwana kuwa katika gari moja imenikaa vibaya, nami sitaizungumzia.

Sasa nikueleze maji, kwa sababu hili halifundishwi darasani kwenu. Gari halitelezi kwa kuwa dereva ni mjinga. Linateleza kwa kuwa mwendo umekuwa mkubwa kuliko uwezo wa tairi wa kuyasukuma maji pembeni, na maji yasipopata pa kwenda huingia chini ya tairi na kuliinua, na tangu hapo usukani ulioushika hauongozi kitu. Utajua kwa mikono kabla ya kujua kwa macho: usukani huwa mwepesi ghafla. Likikufika hilo usikanyage breki wala usizungushe usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika wima, ungoje tairi zirudi chini. Kile kifaa cha kushikilia mwendo ambacho wenzako wanakipenda kwenye safari ndefu kizimeni mara tone la kwanza linapoanguka. Na kabla ya kuondoka, uiname uzikague tairi mwenyewe, zote nne na ile ya akiba. Usiniambie kwamba gari ni la mwenzako na ni aibu kuinama. Tairi yenye kipara haijui ni ya nani.

Mdogo wako amenionyesha ramani ya Kansas. Barabara za mashambani zimekatwa kama karatasi ya hesabu, kaskazini kwa kusini na mashariki kwa magharibi, moja kila baada ya kilomita moja na nusu hivi, na mtu akizitazama kwenye kioo cha simu hudhani ana njia mia za kutorokea. Hana. Nyingi ni za udongo, na udongo wa namna ile ukinyeshewa huwa utelezi mtupu. Mnaponiambia kwamba husimama kusini mashariki ya dhoruba kwa sababu nyingi huelekea kaskazini mashariki, nakubali kwamba hesabu hiyo ina akili. Ila kabla ya kusimama hapo, anayesoma ramani aseme kwa sauti ni barabara gani ya lami mtakayoikimbilia, na kama hakuna, msiende. Rada nayo msiitegemee kama macho. Picha mnayoiona ni ya dakika kadhaa zilizopita, na kwa dakika hizo wingu limeshahama.

Mko watatu, na kwa maoni yangu idadi hiyo imekaa vizuri. Mmoja aendeshe, mmoja asome rada na ramani, mmoja atazame mbingu. Anayeendesha asitazame wingu kabisa. Akitaka kulitazama, aegeshe gari nje kabisa ya barabara, awashe hazadi, ndipo atazame mpaka aridhike. Najua nakuomba jambo gumu, kwani umesafiri maelfu ya kilomita kwa ajili ya kitu ambacho mara nyingi hudumu dakika chache, halafu baba yako anakwambia utazame lami. Basi mpokezane usukani. Lakini yule wa video asiendeshe tena mpaka aahidi, na ahadi hiyo aitoe mbele yako.

Mambo mengine nayataja kwa haraka, kwa kuwa unayajua. Radi ikianza kupiga karibu, muwe ndani ya gari na vioo vimefungwa. Bati la gari huupitisha umeme nje yenu, ila ukisimama nje na kile kigoda cha chuma cha kamera hakuna kitakachokukinga. Mvua ya mawe msiichezee: kule Vivian, South Dakota, mwaka 2010 liliokotwa jiwe la barafu lenye kipenyo cha sentimeta 20, karibu kilo nzima, na kioo cha mbele hakikutengenezwa kwa ajili ya kitu kama hicho. Chini ya daraja la barabara kuu msijifiche hata kama mnawaona wengine wamejificha, kwa sababu upepo unaopita pale huongezeka nguvu, na magari yaliyosimama chini yake huwafungia njia wanaokimbia. Nyaya za umeme zilizolala barabarani zihesabuni kuwa zina umeme.

Nisije nikaonekana kama sioni jema lolote katika jambo hili. Mama yako huwaambia watu kwamba binti yake huongoza watu kwenye hatari, mimi huwaambia kwamba binti yangu anasoma mawingu. Ulipotueleza jinsi Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani inavyowafundisha raia wa kujitolea kutoa taarifa za wanachokiona, nilitaka kujua kwa nini nchi yenye rada nyingi kiasi kile ihitaji macho ya watu, ukanijibu kwamba mwale wa rada hupanda juu kadiri unavyokwenda mbali, kwa kuwa dunia imepinda, hivyo yanayotokea karibu na ardhi hauyaoni. Jibu hilo nimelisimulia mara nyingi kuliko unavyodhani. Taarifa yenu ikimfikia mtu akaingia chini ya nyumba yake na watoto kabla upepo haujafika, hiyo ni kazi, na sitaiita mchezo. Ila nawe usiite kazi ile siku ambayo mtakuwa mnafukuza picha tu.

Narudi kwenye usiku. Dhoruba zenu huiva mchana na kukomaa jioni, maana yake mnapomaliza giza limeshaingia, mmekwishaendesha mamia ya kilomita, mmekula hovyo, na miili yenu iliyokuwa imekazwa na msisimko inalegea yote kwa mara moja. Hapo ndipo usingizi humwingia mtu macho yakiwa wazi. Hamrudi mlikotoka. Mnatafuta nyumba ya wageni iliyo karibu, hata kama ni mbaya, hata kama mlishalipia nyingine mbali, na mnalala. Fedha ya chumba cha pili nitaituma mimi, usinibishie. Najua utaniuliza kama mimi nililala kila nilipochoka. Swali hilo mama yako alishaniuliza miaka mingi iliyopita, na jibu analo.

Kwa hiyo naomba ujumbe mmoja kila siku mtakayotoka, nao usiwe wa picha. Ukifika kitandani andika kwamba umefika, basi. Usihofu saa, kwa maana usiku wenu mkubwa huku kwetu kumekucha na mimi huwa nimeshaamka. Uniletee pia namba za simu za wenzako wote wawili na za mtu mmoja wa nyumbani kwa kila mmoja, na uniambie gari litakuwa na bima ya namna gani, kwa sababu bima ya kawaida na bima inayolipa kioo kilichovunjwa na mawe si kitu kimoja, nawe huwa unatia sahihi karatasi bila kuzisoma. Usikasirike; fomu ya chumba chako cha kwanza niliisoma mimi.

Hapa nyumbani paa la jikoni limeanza kuvuja tena upande ule ule, na fundi ameahidi kuja, kama kawaida yake ya kuahidi. Shangazi yako amesikia habari za safari yako na ameanza kupiga simu kila jioni, hivyo mwandikie mwenyewe maneno mawili utupunguzie. Mdogo wako anauliza kama anaweza kuichukua kompyuta yako ya zamani iliyo chumbani kwako, maana anasema hii yetu imekuwa nzito tangu tuanze kufungua ramani za rada. Nimemwambia angoje jibu lako. Neno la siri la kuifungulia tunaomba ulitume kabla ya Mei.

Ni mimi baba yako.