Mtoto akiuliza, tusimkalishe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wenzangu, na wazazi wa Kihindu wanaopeleka watoto madarasa ya utamaduni kila mwisho wa wiki.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea. Jumapili asubuhi tunakaa mkekani na watoto, tunaghani shloka, yaani beti za Kisanskriti, kisha tunawasimulia kisa. Wiki chache zilizopita ilikuwa zamu ya Ekalavya wa Mahabharata, utenzi wetu mkubwa wa kale, mwana wa mkuu wa Wanishada, watu wa msituni. Drona, mwalimu wa upinde wa wana wa mfalme, alikataa kumfundisha. Kijana akafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo, akajifunza upinde mbele yake peke yake hadi akawapita wana wa mfalme. Drona alipojua, akadai gurudakshina, ada ya mwalimu: kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya akakikata, akampa. Mwenzangu aliyekuwa akisimulia akamalizia: "Hivyo ndivyo mwalimu anavyoheshimiwa."

Msichana wa miaka tisa akanyoosha mkono. "Mwalimu, lakini Drona hakumfundisha. Sasa alipwe kwa lipi?"

Akaambiwa akae, atayaelewa akikua. Nilimwona akikunja kidole gumba chake ndani ya ngumi, akakificha hivyo mpaka kipindi kikaisha. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Jambo hilo limenikaa moyoni.

Swali lile lilikuwa na jibu, na jibu limo humo humo kwenye kisa: Drona alikuwa amemwahidi Arjuna, mmoja wa wana wale wa mfalme, kwamba hakuna mwanafunzi wake mwingine atakayempita. Kidole kilikatwa ili ahadi ile isivunjike. Na mlango alifungiwa Ekalavya kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Haya ni mazito, lakini mtoto wa miaka tisa anajua vizuri maana ya kuonewa. Tukimfundisha heshima huku tunaruka dhuluma iliyo mbele ya macho yake, atajifunza kwamba dharma, yaani njia ya haki na wajibu, ni kunyamaza.

Tena wenye kuuliza wamejaa katika maandiko yetu. Nachiketa wa Katha Upanishad alikuwa mtoto tu alipomwona baba yake akitoa sadaka ng'ombe wazee waliokwisha kukauka maziwa. Akauliza, "Baba, mimi utanitoa kwa nani?" Akauliza mara ya pili, na ya tatu, mpaka baba akapandwa na hasira akasema anamtoa kwa Mauti. Akaenda. Huko alikaa usiku tatu akimsubiri Yama, mungu wa mauti, na Yama aliporudi akamjalia maombi matatu. La tatu lilikuwa swali: mtu akifa, huwa nini? Yama akamtajia tembo, dhahabu, umri mrefu, ili mradi tu aache kuuliza. Mtoto akakataa vyote. Na Yama, badala ya kumkemea, akatamani apate waulizaji wengine kama yeye.

Gita nayo, kitabu chetu kitakatifu chenye shloka 700, imejengwa juu ya maswali ya Arjuna. Katika sura ya 18 Krishna, mungu anayemjibu, anamwambia ayatafakari yote aliyoelezwa, kisha afanye apendavyo.

Sipingi kukariri. Veda, maandiko yetu ya kale kabisa, zimetufikia kwa midomo na masikio ya watu waliozihifadhi kwa vizazi, na UNESCO iliingiza ughani wake katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Mtoto anayeghani shloka bila kukosea hunifurahisha mno. Ila tumezoea kuwapima kwa hilo peke yake: nani kahifadhi ngapi, nani apande jukwaani siku ya Diwali. Wazazi, nanyi mnatuuliza hilo hilo mlangoni mkija kuwachukua.

Ninachoomba ni kidogo. Kisa kikiisha, tuwaachie watoto muda wa kutosha wa kuuliza, na mwalimu asiyejua aseme "sijui, nitatafuta", kisha Jumapili inayofuata alete jibu kweli. Wazazi wakae nasi kipindi hicho, maana maswali mengine watoto huyabeba hadi nyumbani.

Jumapili iliyofuata nilimwomba yule msichana arudie swali lake mbele ya wenzake. Alitazama chini, akasema amelisahau. Nitamwomba tena wiki hii, na safari hii nitaanza kwa kumwomba radhi.

Wako,
Mwalimu wa Jumapili