Shukrani kwa Fundi wa Baiskeli wa Mai Mahiu

Natoa shukrani zangu za dhati kwa mzee fundi wa baiskeli aliyenisaidia Jumamosi iliyopita chini ya mteremko wa Mai Mahiu, mbele ya kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia mwaka 1942.

Tairi langu la nyuma lilikuwa limechanwa ubavuni na kipande cha chuma, na kwa kuwa matairi ya baiskeli za mbio ni membamba na hujazwa upepo kwa shinikizo kubwa kuliko yale ya baiskeli za mizigo, kiraka peke yake hakingetosha, maana tyubu ingetokeza kwenye mpasuko na kupasuka tena. Mzee alilielewa jambo hilo kabla sijamaliza kulieleza. Alikata kipande cha tairi kuukuu, akazilainisha kingo zake kwa kisu, akakilaza ndani penye mpasuko, kisha akajaza upepo kidogo kidogo huku akipapasa ubavu kwa kidole gumba. Huo ni ufundi wa hali ya juu.

Wachuuzi wa maziwa waliokuwa wakimsubiri hawakunung'unika, nao nawashukuru. Tulicheka sote mzee alipoinua baiskeli yangu kwa mkono mmoja na kuuliza gunia la viazi litakaa wapi. Malipo aliyakataa katakata.

Mzee wangu, nilifika Naivasha salama kwa tairi hilohilo. Sikupata jina lako, hivyo namwomba yeyote apitaye hapo akufikishie salamu hizi. Jumamosi ijayo nitakuletea tyubu mpya na sulusheni ya kubandikia viraka.